Namna ya Kumchagulia Kijana Chuo Kikuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na vijana wa Jumuiya, Nengo, Gisenyi)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, naanza kwa kujibu swali ambalo nalisoma katika macho ya baadhi yenu. Mwauliza: sheikh huyu, ambaye elimu yake ni ya msikitini na ya shule ya msingi, atatuambia nini juu ya mambo ya maprofesa? Swali ni la haki. Mimi sikuja kufundisha fizikia wala sheria za serikali. Nimekuja kusema habari ya kazi moja ambayo watu wa elimu yetu wameifanya kwa karne nyingi, nayo ni kumpima mwalimu kabla ya kukaa mbele yake.

Katika Kiswahili cha wazee, chuo maana yake ni kitabu, na chuoni ni pale mtoto anapokaa na kitabu chake mbele ya mwalimu. Hata leo mtoto wa miaka sita akichukua juzuu yake asubuhi twasema anakwenda chuoni. Kisha lugha ikaongeza sifa ya ukubwa, ikasema chuo kikuu. Ukubwa umeongezwa, lakini vitu vya asili ni vile vile: kitabu, mwalimu na mwanafunzi. Anayetaka kukijua chuo kikuu na avitafute vitu hivyo vitatu, na asipoviona, ghorofa hazitamfaa kitu.

Mtu akidai mbele yetu kwamba amesoma kitabu fulani cha fikihi, hatumwulizi alikisoma mji gani. Twamwuliza: ulikisoma kwa nani? Na huyo naye alikisoma kwa nani? Ijaza hutolewa na mwalimu, tena kwa kitabu maalumu au kwa fani maalumu. Wanafunzi wa zamani walisafiri hata Lamu kwa ajili ya Habib Saleh, na hata Unguja kwa ajili ya Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Midomoni walitaja kisiwa, lakini waliyemkusudia ni mtu. Na aliyekuwa hodari wa nahau hakudhaniwa kwa hilo peke yake kuwa hodari wa mirathi. Kila fani ilikuwa na mwenyewe, na mwanafunzi mwenye akili alijua aende kwa nani kwa ajili ya nini. Basi hayo ndiyo ninayotaka tuyafanye kwa vyuo vikuu, wala sina jambo jingine.

Naona haja ya kuyasema kwa sababu ya hali yetu. Wakati wa Wabelgiji shule karibu zote za nchi hii zilikuwa mikononi mwa misioni, na wazee wetu wengi, kwa kuihofia dini ya watoto wao, hawakuwapeleka. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, kwa msaada wa mapadri wa Kidominika kutoka Kanada, rekta wake wa kwanza akiwa Padri Georges-Henri Lévesque, kilianza na wanafunzi 51 tu kwa nchi nzima. Kwa hiyo katika nyumba zetu nyingi kijana anayekwenda chuo kikuu leo ndiye wa kwanza. Hana baba wala shangazi wa kumwambia kwamba idara hii ni nzuri na ile ni jina tupu. Na fedha inayolipwa ni ya kuuza kiwanja, au ni mtaji wa duka, au ni ya mama anayevuka mpaka kwenda Goma kila alfajiri na beseni la mboga kichwani. Mwenye mali nyingi akikosea huchagua tena. Sisi kiwanja ni kimoja, na miaka ya kijana haiuzwi dukani.

Sasa sikilizeni habari ya Afrika Mashariki, kwani ndani yake mna funzo kubwa kuliko maneno yangu.

Mwaka 1963 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na chuo kikuu kimoja cha pamoja, kikiitwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nacho kilikuwa na sehemu tatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mambo yalipangwa hivi: anayetaka utabibu aende Makerere, ambako udaktari ulikuwa umefundishwa tangu miaka ya 1920, anayetaka uhandisi aende Nairobi, na anayetaka sheria aende Dar es Salaam, kwa kuwa chuo cha huko kilifunguliwa mwaka 1961 na kitivo hicho kimoja tu cha sheria, katika jengo la chama cha TANU. Mkenya aliyetaka kuwa daktari alipanda gari la moshi kwenda Kampala, na Mganda aliyetaka kuwa mhandisi akaja Nairobi, wala hapana aliyeona fedheha. Swali la kwamba ni kipi bora katika vitatu hivyo lisingekuwa na maana. Jawabu lingekuwa swali jingine: bora kwa kusoma nini?

Mpango ule ulikwisha mwaka 1970, kila nchi ikachukua chuo chake na kila chuo kikataka kuwa na kila kitu. Nairobi walikuwa wamekwisha kuanza utabibu mwaka 1967, na Dar es Salaam wakaanza uhandisi mwaka 1973. Sina lawama juu ya hilo. Ila kuanzia hapo mzazi amepotewa na alama za njia, kwani vyuo vyote sasa vinatangaza masomo yote, na kila tangazo lina picha ya kijana mwenye joho anayecheka.

Tena idara huhama. Kilimo kilifundishwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mwaka 1984 kikawa chuo kikuu peke yake huko Morogoro kwa jina la Sokoine. Utabibu wa Muhimbili ukawa chuo kikuu cha peke yake mwaka 2007, na mambo ya ardhi vile vile mwaka huo huo. Mtu aliyesikia kwa mjomba wake kwamba Mlimani wana elimu nzuri ya ardhi, naye mjomba alisoma huko miaka ya 1990, angegonga mlango ambao wenyewe wamekwisha kuhama. Na hapa kwetu mambo yamekuwa kinyume chake: mwaka 2013 taasisi saba za serikali ziliunganishwa zikawa Chuo Kikuu cha Rwanda. Jina la KIST, taasisi ya sayansi na ufundi iliyoanza Kigali mwaka 1997, limekwisha, lakini uhandisi ulibaki pale pale Nyarugenge. Jina la chuo cha kilimo kilichoanzishwa Busogo mwaka 1989, hapo jirani zetu wa Musanze, nalo limeingia katika jina kubwa. Kule jina lilibaki na idara ikaondoka. Huku jina limeondoka na idara ikabaki. Basi anayefuata jina hupotea njia zote mbili. Kijana anaponiambia, Sheikh, nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Rwanda, mimi namwuliza: koleji ipi, na kampasi ipi, na somo gani? Kwa sababu ualimu, utabibu na kilimo havikai nyumba moja.

Wako vijana wanaoniletea simu zao wakanionyesha orodha za vyuo vya dunia nzima, kutoka cha kwanza hata cha elfu. Mimi sizidharau, lakini nasema tujue zimepima nini. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, huhesabu zawadi za Nobel na nishani za hesabu walizopata walimu na wanafunzi wa zamani, maandishi yaliyotoka katika majarida mawili makubwa ya sayansi, na wataalamu wanaotajwa sana na wenzao. Hiyo ni mizani ya utafiti, na ni mizani ya vyuo vyenye mali. Hamna ndani yake hata alama moja kwa mwalimu anayekaa jioni akisahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mvuvi wa ziwa letu hapimi sambaza kwa rula ya seremala. Rula si mbaya, ila haikufanywa kwa kazi hiyo.

Na jambo hilo laonekana hata Kigali. Chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani, ambacho sifa yake katika elimu ya kompyuta ni kubwa duniani, kina kampasi katika nchi yetu, nayo tangu ilipoanza katika mwongo wa 2010 imesomesha shahada ya pili. Kijana aliyemaliza sekondari akijivunia kwamba atasoma huko, hana mlango wa kuingilia, mpaka kwanza apate shahada ya kwanza mahali pengine, tena yenye hesabu za kutosha. Hivyo ubora wa juu ni jambo moja, na ubora wa kumshika mkono kijana wa miaka kumi na tisa ni jambo jingine. Kinachotuhusu katika mkutano huu ni hilo la pili.

Kwa upande mwingine kuna vyuo vichanga ambavyo jina lao halijafika mbali, na fani yao ina nguvu. Tazameni Butaro, katika wilaya ya Burera. Hospitali ya Butaro ilifunguliwa mwaka 2011, ikafuata huduma ya ugonjwa wa saratani, kisha kampasi ya chuo kikuu cha afya ikazinduliwa mwaka 2019. Wagonjwa, vitanda na madaktari vilitangulia, wanafunzi wakaja nyuma. Kwa udaktari huo ndio mpango mzuri, kwa maana mwanafunzi hawezi kujifunza homa kwa picha. Sisemi kila mtu aende Butaro, na nafasi zake ni chache mno. Nasema tu kwamba umri wa chuo si hoja.

Wala umri mkubwa si hoja. Makerere ilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14, ikifundisha useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, na kufika miaka ya 1950 ilikuwa imepanda mahali pa kushangaza. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika habari ya uvimbe wa saratani katika taya za watoto, na ugonjwa ule hata leo unaitwa kwa jina lake katika kila chuo cha utabibu duniani. Kisha akaja Idi Amin mwaka 1971. Mwaka 1972 Makamu Mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena, na walimu wengi wakakimbia nchi. Majengo yalikuwa yale yale, kilima ni kile kile, na cheti kilikuwa na nembo ile ile. Makerere imesimama tena baadaye kwa jitihada kubwa, na leo ina idara ambazo ningempeleka mwanangu bila wasiwasi. Lakini sifa huishi muda mrefu kuliko kilichoizaa, na anayechagua kwa sifa ya mwaka 1958 ananunua kivuli.

Juu ya Butare nasema kwa heshima. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maprofesa na wanafunzi waliuawa, wengine katika chuo chenyewe. Kuta zilibaki zimesimama. Kilipofunguliwa tena mwaka 1995, kilichotafutwa kwanza hakikuwa saruji wala mabati, walitafutwa watu wa kufundisha. Nchi hii ilijifunza kwa damu kwamba chuo ni watu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe ya kupima. Mzazi ambaye hakusoma asiogope, kwani mambo mengi ya kupima yanaonekana kwa macho.

La kwanza, nendeni wenyewe, tena siku ya masomo, msiende siku ya sherehe ambayo kila kitu kimepakwa rangi. Ulizeni idara ya somo hilo ina walimu wangapi walioajiriwa hapo moja kwa moja, na wangapi ni wa kuja na kwenda. Katika mji huu wa mpakani twawajua walimu wa kuja na kwenda: mtu asubuhi yuko Gisenyi, mchana Goma, kesho yuko Musanze, na somo la miezi minne analimaliza kwa wiki mbili ili awahi basi. Huenda ni mwalimu hodari sana, simsingizii. Lakini mwanafunzi aliyekwama siku ya Jumanne atamwuliza nani? Katika chuo chetu cha Kurani mwalimu hukaa. Mtoto hurudi kwake mara tatu kwa herufi moja, na ndipo herufi inaponyoka.

Ulizeni walimu hao wamesoma mpaka wapi, na katika fani hiyo hiyo au nyingine. Mwenye udaktari wa historia hatakiwi kufundisha uhasibu kwa kuwa tu ana udaktari. Ulizeni pia kama wanaandika na kuchunguza lolote, japo dogo, juu ya udongo wa hapa, au gesi ya ziwa letu, au biashara ya mpakani. Mwalimu anayeendelea kujifunza hunong'onezana na kitabu, na mwanafunzi husikia mnong'ono huo.

Ingieni maktaba. Msihesabu vitabu. Funueni kimoja cha somo mnalolitaka, mtazame kimechapwa mwaka gani, na kama chuo kinagonga mhuri wa kuazima, mtazame mhuri wa mwisho ni wa lini. Nimeona mahali pamoja, sipataji, vitabu vizuri vilivyokuja kwa sadaka vikiwa bado vimefungwa kwa kamba yake ya meli. Siku hizi wanasema vitabu vimo katika kompyuta. Ni kweli, tena ni neema. Basi mwombeni mwanafunzi mmoja akifungue kimoja mbele yenu, hapo hapo.

Kwa masomo ya mikono, yaani maabara, uuguzi, uhandisi, upimaji wa ardhi, ulizeni wanafunzi wangapi hushika chombo kimoja. Darubini moja kwa watu watano, watano hao watajifunza. Kwa watu hamsini, wanne watatazama na waliobaki watatazama migongo ya wanne. Kwa uuguzi ulizeni hospitali gani, siku ngapi kwa wiki, na nani anawasimamia huko. Ikiwa jawabu ni kwamba mwanafunzi hujitafutia mwenyewe mahali pa mazoezi, basi mjue ada mnayolipa ni ya nusu ya somo.

Kisha waacheni maofisa, zungumzeni na wanafunzi. Wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kufika, msiwategemee. Ulizeni wa mwaka wa mwisho maswali mepesi: kazi yako ya mwisho uliandika juu ya nini? Nani aliisimamia, na alikurudishia mara ngapi? Anayejibu kwamba mwalimu aliirudisha mara nne na wino mwekundu, naye amekasirika, huyo amepata mwalimu. Anayesema ilipita siku ile ile, mwonee huruma.

Na swali lililo zito kupita yote: waliotoka hapa miaka mitatu nyuma wako wapi? Hili ndilo swali letu la ijaza likisomwa kwa chini kwenda juu. Chuo kizuri hujua watoto wake walipo. Kisichojua kitawaonyesha picha ya mtu mmoja aliyekuwa mkubwa serikalini, na mtu mmoja hujitokeza hata katika shule isiyokuwa na paa.

Lipo pia jambo la kibali. Mwezi wa Machi 2017 Wizara ya Elimu, baada ya ukaguzi, ilisimamisha masomo fulani katika vyuo kadhaa vya binafsi nchini, na mwaka 2020 ikavifunga kabisa vyuo vingine, kimoja wapo Chuo Kikuu cha Kibungo. Angalieni neno nililotumia: masomo fulani. Chuo chaweza kuwa na kibali chake halali na somo moja ndani yake likawa halina, na mlangoni bango ni moja. Orodha ya vyuo na masomo yanayotambuliwa iko kwa Baraza Kuu la Elimu ya Juu, na kuuliza hakuna malipo. Tena kwa kazi zenye mabaraza yake, ulizeni huko pia. Daktari, muuguzi na mkunga lazima waandikwe na mabaraza yao kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwenye shahada ya sheria huwa bado ana safari ya Nyanza, kwenye taasisi ya mafunzo ya kazi ya sheria, kabla ya kusimama mahakamani kama wakili. Mzazi asiyelijua hilo hudhani mahafali ndiyo mwisho wa kulipa.

Namjua kijana wa mitaa yetu hii, simtaji wala sikitaji chuo chake, aliyesoma miaka miwili mambo ya maabara ya hospitali. Somo likasimamishwa. Chuo kingine kilimpokea kwa wema, lakini walipotazama karatasi zake hawakuona saa za mazoezi, wakamrudisha mwaka wa kwanza. Baba yake alikuwa amekwisha kuuza pikipiki iliyokuwa ikilisha nyumba. Kijana yule sasa amemaliza, alhamdulillahi, na anafanya kazi. Ila mdogo wake wa kike, ambaye alama zake zilikuwa juu ya za kaka yake, alibaki nyumbani miaka mitatu akingojea zamu. Nyumba iliyolipa mara mbili kwa mmoja haikuwa na cha kumlipia wa pili. Kwa nini aliyengojea akawa yeye binti, hilo nalo tuliulizane, maana sijaona sheria wala dini iliyosema hivyo.

Niseme na juu ya Goma, kwani wengi wenu mnaifikiria. Kuna Chuo Kikuu cha Goma, kilichoanza kama tawi la Kisangani, na kuna Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu kilichoanzishwa mwaka 1985. Ni karibu, mwanafunzi hula na kulala kwao. Lakini hesabu ya miaka ya Kongo kwa muda mrefu ilikuwa tofauti na yetu: mitatu kwa graduat, kisha miwili kwa licence, na hapo ndipo ilipohesabiwa shahada kamili. Tangu mwaka wa masomo wa 2021 na 2022 wameanza kuingia katika mpango mpya wa miaka mitatu kwa shahada ya kwanza. Anayekwenda huko na aulize mapema, kabla ya kulipa, cheti chake kitalinganishwa vipi hapa Rwanda. Na akumbuke kwamba mpaka hufungwa. Ulifungwa mwaka 2020 kwa ugonjwa wa korona, na Januari 2025 vita vikaingia Goma yenyewe. Walimu wazuri wako ng'ambo ile, nami nawaheshimu. Lakini njia ya kumfikia mwalimu nayo ni sehemu ya chuo. Walioko Khartoum, ambako vijana wetu wengi wa Afrika walikuwa wakisoma, waliliona hilo Aprili 2023.

Limebaki jambo ambalo najua mnalingojea. Wako wanaosema Mwislamu asome chuo cha Waislamu. Vyuo hivyo vipo, na ni fahari yetu: Mbale nchini Uganda tangu mwaka 1988, Morogoro tangu 2005. Cha Mbale kilianza na ualimu pamoja na elimu ya dini na Kiarabu, na anayetaka kuwa mwalimu akiangalie kwa makini. Lakini nami nasema waziwazi, mbele ya masheikh wenzangu, kwamba dini ya mwenye chuo haifundishi mifupa ya mwili wala nguvu ya boriti. Mpimeni Mbale kama mnavyompima Huye, na mpimeni Morogoro kama mnavyompima yule wa Ruhengeri aliyejengwa na Wakatoliki, ambaye fani yake ya upimaji wa ardhi inajulikana. Ukipata chuo cha ndugu zako na idara yenyewe ni imara, umepata mema mawili. Usipopata, mpeleke kijana palipo na elimu, umwulize msikiti wa karibu uko wapi, umpe mkeka wake wa kuswalia. Hata wanaokwenda Azhar twawaambia hivyo hivyo. Azhar ya leo, tangu sheria ya mwaka 1961, ina utabibu na uhandisi pamoja na zile kulliya za asili za sheria, misingi ya dini na lugha ya Kiarabu, na kila moja ina mlango wake na walimu wake. Kusema nakwenda Azhar bado hujasema unakwenda kusoma nini.

Wazee wangu, muda wa Alasiri umekaribia na sitaki kuwachelewesha. Jumuiya imekubali kwamba siku za Jumamosi, baada ya Adhuhuri, walimu wetu wawili wa sekondari watakaa katika chumba cha madrasa. Mwenye kijana aliyepata barua ya chuo, au anayetaka kuomba, aje na barua yenyewe, matokeo ya mtihani, na jina la somo limeandikwa kamili, pamoja na kampasi. Wataitazama orodha ya Baraza mbele yenu, wataandika maswali ya kwenda kuuliza, na kama hapana nauli ya kwenda kukiona chuo, semeni bila haya. Katika mfuko wa Jumuiya mna akiba ndogo kwa kazi hiyo. Wasichana waje wenyewe, wasitume kaka zao.